Kiungo Kisichoomba Ruhusa: Wavuti kutoka CERN hadi Simu ya Kiganjani

Katika maandishi mengi yahusuyo wavuti, historia yake husimuliwa kwa kufuata mashine na makampuni: kompyuta zilipungua ukubwa, kasi ikaongezeka, kampuni moja ikainuka na nyingine ikaanguka. Masimulizi ya namna hiyo yana ukweli wake, lakini hayaelezi kwa nini mfumo uliobuniwa kwa ajili ya wanafizikia wa maabara moja ya Ulaya uliwashinda washindani waliokuwa na watumiaji wengi zaidi, wala kwa nini utamaduni uliozaliwa ndani yake ulibadilika sura kabisa katika muda usiozidi miongo miwili. Uchambuzi huu unafuata kitu kimoja kidogo, yaani kiungo, ambacho ni yale maneno yaliyopigiwa mstari, aghalabu kwa rangi ya buluu, ambayo msomaji akiyabofya hupelekwa kwenye ukurasa mwingine. Hoja yake ni kwamba nguvu ya wavuti na udhaifu wake vilitoka mahali pamoja, kwenye uamuzi wa kumwacha mtu yeyote aunganishe ukurasa wake na wa mwingine bila kumwomba ruhusa na bila mwenye ukurasa huo kujua. Na kwamba mengi yanayolalamikiwa leo kuhusu maisha ya mtandaoni yalianza pale wenye majukwaa makubwa walipogundua kuwa kiungo kinawatoa watu nje ya milango yao.

Inafaa kwanza kutenganisha vitu viwili ambavyo katika mazungumzo ya kila siku huchukuliwa kuwa kimoja. Intaneti ni mtandao wa mitandao ya kompyuta, wenye kanuni za pamoja za kupitisha data ambazo ARPANET, mtandao wa utafiti wa Marekani, ulizipokea rasmi tarehe 1 Januari 1983, na juu yake hupita huduma nyingi: barua pepe, uhamishaji wa mafaili, simu za sauti na za video. Wavuti ni mojawapo ya huduma hizo, changa kuliko barua pepe, nayo inahusu kurasa zilizounganishwa kwa viungo na kusomwa kwa programu iitwayo kivinjari. Programu ya WhatsApp, kwa mfano, hutumia intaneti bila kuhitaji wavuti, na tofauti hiyo, inayoonekana kuwa ya mafundi tu, itakuwa na uzito mkubwa huko mbele.

Wazo la kuunganisha maandishi lilitangulia wavuti kwa miaka mingi. Mnamo Julai 1945 mhandisi Vannevar Bush, aliyekuwa akisimamia utafiti wa kisayansi wa Marekani wakati wa vita, alichapisha katika jarida la The Atlantic makala iliyoeleza mashine ya kufikirika aliyoiita memex, meza ambayo msomi angehifadhi ndani yake vitabu na barua zake katika filamu ndogo, kisha atengeneze njia za kutoka andiko moja hadi jingine, njia ambazo wengine wangeweza kuzirithi. Miaka ishirini baadaye Ted Nelson alibuni jina la haipateksti, yaani matini yenye matawi ambayo msomaji huyapitia atakavyo, na akatumia sehemu kubwa ya maisha yake katika mradi wa Xanadu. Katika Xanadu kila kiungo kingekuwa na pande mbili, hivyo mwandishi angeona ni nani wote waliomrejelea. Nukuu ingebaki imeshikamana na chanzo chake. Hakuna kiungo ambacho kingekatika. Na kila mara kipande cha mtu kiliposomwa, mwenyewe angelipwa senti zake. Ulikuwa mpango wa haki, pengine wa haki kupita kiasi, kwa kuwa ulihitaji kila andiko na kila mwandishi viingizwe katika utaratibu mmoja wa kuwatambua na kuwalipa watu wote, na mpaka leo haujapata kuenea duniani.

Tim Berners-Lee, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi CERN, maabara ya fizikia iliyo karibu na Geneva kwenye mpaka wa Uswisi na Ufaransa, alikuwa na shida ya kawaida zaidi. Watafiti walikuja na kuondoka, wengi wakikaa miaka miwili hivi, na kila aliyeondoka alikwenda na sehemu ya maarifa ya namna mitambo ilivyounganishwa na sababu zake. Kompyuta nazo zilikuwa za aina mbalimbali na hazikusikilizana. Pendekezo lake la Machi 1989 lilihusu usimamizi wa taarifa za maabara, basi, na mkuu wake, Mike Sendall, aliliona kuwa halijaiva ingawa linasisimua. Hakulipa hadhi ya mradi rasmi, lakini alimwachia nafasi ya kulishughulikia, na kompyuta ya NeXT ikanunuliwa. Kufikia mwisho wa 1990 seva ya kwanza, yaani kompyuta inayohifadhi kurasa na kuzitoa kwa wanaoziomba, ilikuwa ikifanya kazi pamoja na kivinjari cha kwanza, na Mbelgiji Robert Cailliau alikuwa amejiunga na Berners-Lee kuupigania mfumo huo ndani ya maabara.

Ubunifu wenyewe ulikuwa na sehemu tatu: anwani ya pekee kwa kila ukurasa, ijulikanayo kwa kifupi kama URL, lugha nyepesi ya kupangia ukurasa, HTML, na kanuni za mazungumzo kati ya kivinjari na seva, HTTP. Msomaji anapobofya kiungo, kivinjari husoma anwani iliyofichwa nyuma ya maneno, hutafuta seva yenye jina hilo, kisha huiomba ukurasa unaohusika. Seva hujibu kwa namba, 200 ikiwa ukurasa upo na unatumwa, 404 ikiwa haupo. Namba hiyo ya 404, ambayo karibu kila aliyewahi kuperuzi amekutana nayo, ndiyo alama ya uamuzi mkuu wa Berners-Lee. Kiungo chake kina upande mmoja. Kinaelekeza, na kazi yake inaishia hapo. Aliyeelekezewa hana habari, hakuna daftari kuu linalokisajili, na ukurasa ukihamishwa au ukifutwa kiungo hubaki kikielekeza patupu. Wataalamu wa haipateksti wa wakati huo walikuwa wamezoea mifumo makini zaidi, na mwaka 1991 waandaaji wa mkutano wao wa San Antonio, Texas, waliikataa makala ya Berners-Lee na Cailliau, wakawapa nafasi ya maonyesho tu. Kwa vipimo vya fani yao hawakukosea. Walichoshindwa kukiona ni kwamba mfumo unaovumilia viungo vilivyokatika hauhitaji kibali cha mtu yeyote ili ukue, na kwamba sifa hiyo moja ingezifunika kasoro nyingine zote.

Ushindani wa kweli ulitoka Chuo Kikuu cha Minnesota, ambako mfumo wa Gopher, uliotolewa mwaka huohuo wa 1991, ulipanga taarifa kwa orodha za kuchagua na kwa muda ulikuwa maarufu kuliko wavuti. Mapema mwaka 1993 chuo hicho kilitangaza kwamba baadhi ya wanaoendesha seva za Gopher, hasa wafanyabiashara, wangelipia leseni. Tarehe 30 Aprili 1993 CERN nayo ilitoa tamko lililoikabidhi programu ya wavuti kwa umma bila malipo. Katika mwaka huo Marc Andreessen na Eric Bina wa Chuo Kikuu cha Illinois walitoa Mosaic, kivinjari rahisi kusakinisha kilichoonyesha picha ndani ya ukurasa pamoja na maandishi. Wanahistoria hupenda kuisifu Mosaic, na sifa hiyo inaistahili, lakini tamko la Aprili ndilo lililodumu: vivinjari vizuri vilikuja na kupotea, Netscape iliyoanzishwa na Andreessen huyohuyo ikiwemo, ilhali ruhusa ile haijapata kuondolewa. Hisa za Netscape zilipouzwa sokoni kwa mara ya kwanza, Agosti 1995, bei ilipanda siku hiyohiyo kutoka dola 28 hadi zaidi ya dola 58, na wenye mitaji wakaelewa kuwa jambo la wanafizikia limekuwa jambo lao.

Utamaduni uliochipuka katika miaka hiyo ulikuwa utamaduni wa wenye kurasa. GeoCities, iliyoanzishwa na David Bohnett huko California mwaka 1994, iliwapa watu nafasi ya bure na kuigawa kwa mitaa kulingana na mada: Hollywood kwa wapenzi wa filamu, SiliconValley kwa wapenzi wa kompyuta, na mingine mingi, kila mkazi akijichagulia mtaa na namba ya kiwanja chake. Kwa macho ya leo kurasa hizo ni vurugu tupu: maandishi ya rangi ya waridi juu ya picha za nyota, muziki unaoanza bila kualikwa, kibao cha ujenzi unaoendelea chenye mtu anayechimba bila kuchoka, kihesabio cha wageni, kitabu cha wageni, na chini kabisa orodha ya viungo vya kwenda kwa marafiki. Orodha hiyo ya chini ndiyo iliyobeba utamaduni mzima. Umaarufu ulipatikana kwa kuelekezewa na wengine. Mtu alijua ana wasomaji kwa sababu fulani amemtaja, na kulikuwa hata na mizunguko ya tovuti ambamo kurasa za mada moja ziliunganishwa kwa duara, hata aliyeanzia popote, akiendelea kubofya, akarudi alikoanza. Yahoo iliinunua GeoCities mwaka 1999 kwa hisa zenye thamani ya zaidi ya dola bilioni 3, kisha ikabadili masharti ili ijipatie haki juu ya vilivyowekwa na wakazi. Wakazi waligoma, na kampuni ikarudi nyuma. Ugomvi huo ulikuwa wa muda mfupi, lakini uliwakumbusha watu jambo walilokuwa wamelisahau, kwamba mtaa ulikuwa na mwenyewe.

Isidhaniwe kwamba hiyo ilikuwa enzi ya neema iliyopotea. Wenye kurasa walikuwa kwa sehemu kubwa watu wa Marekani na Ulaya, wenye kompyuta nyumbani na laini ya simu isiyokatika, na karibu yote waliyoandika yalikuwa ya Kiingereza. Ukarimu wa kiungo kisichoomba ruhusa uliwafikia waliokuwa tayari wamekwisha kuingia ndani.

Mwaka 1998 wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Stanford, Larry Page na Sergey Brin, walieleza namna ya kuzipanga kurasa kwa kuhesabu viungo vinavyozielekea, kila kiungo kikichukuliwa kuwa kura, na kura ya ukurasa wenye kura nyingi ikipewa uzito mkubwa zaidi. Wazo hilo, lililoizaa Google, lilikuwa na uzuri wake: mamilioni ya watu walikuwa wameshatoa ushuhuda wao kuhusu kurasa zenye manufaa, bila kulipwa na bila kujua kuwa ushuhuda huo utakusanywa, na kilichobaki kilikuwa kuuhesabu. Lakini ushuhuda uliotolewa bila kutarajia malipo hubadilika mara tu unapoanza kulipwa. Viungo vikawa bidhaa, vikauzwa na kununuliwa. Tovuti hewa zikajengwa kwa mamia ili ziunganishane. Sehemu za maoni za blogu zikajaa viungo vya dawa na kamari. Mnamo Januari 2005 Google na washindani wake walianza kuitambua alama ya kuwekwa ndani ya kiungo inayoiambia mitambo ya utafutaji isikihesabu, na mwaka 2012 Google ilibadilisha mfumo wake ili kuwaadhibu wanaonunua viungo. Kwa hiyo katika miaka 15 tangu kubuniwa kwake kiungo kilikuwa kimepata aina mbili, kinachohesabika na kisichohesabika, na mwamuzi alikuwa kampuni moja.

Badiliko lililofuata halikukigusa kiungo chenyewe, lilimgusa msomaji. Mnamo Septemba 2006 Facebook ilianzisha mkondo wa habari, ambamo mambo yaliyoandikwa na marafiki humjia mtumiaji kwa mfululizo uliopangwa na algoriti, yaani kanuni za hesabu zinazoamua kipi kitangulie na kipi kifichwe. Watumiaji, wengi wao wakiwa wanafunzi, walilalamika kwa makundi makubwa, kisha wakazoea. Hadi wakati huo msomaji alikwenda kwenye ukurasa. Tangu hapo vipande vya kurasa vilimjia, na kazi ya kuamua njia ikahamia kwa jukwaa. Ilikuwapo njia ya kati, ambamo msomaji alijitengenezea orodha ya tovuti anazozipenda na kupokea mapya yao kwa mpangilio wa tarehe, na chombo chake mashuhuri, Google Reader, kilifungwa tarehe 1 Julai 2013 kwa maelezo kuwa watumiaji wake wamepungua. Kitufe cha kupenda, kilichoingia Facebook mwaka 2009, na kile cha kusambaza tena, kilichoingia Twitter mwaka huohuo, vilirahisisha kusifu na kueneza kiasi kwamba haja ya kuwa na ukurasa wa kuorodhesha marafiki ilitoweka. Instagram, iliyozinduliwa mwaka 2010, ilikwenda mbali zaidi: anwani inayoandikwa chini ya picha haibofyeki, na kwa miaka mingi mwenye akaunti ya kawaida alipewa nafasi ya kiungo kwenye maelezo ya wasifu wake tu, ndiyo maana wauza nguo na vipodozi wa Kariakoo na wa Nairobi huwaelekeza wateja kwenye bio. Mnamo Oktoba 2023 mtandao wa X, zamani Twitter, uliondoa kwa muda hata vichwa vya habari kwenye viungo vya makala, ikabaki picha tupu. Sababu ya yote haya ni ya kihesabu: mapato ya jukwaa hutokana na matangazo, matangazo yanahitaji mtu abaki ndani, na kiungo humtoa nje.

Magazeti, yaliyokuwa yamewafuata wasomaji wao ndani ya majukwaa, yalijikuta yamekwama, na serikali chache zikaamua kuingilia kati. Australia ilitunga mwaka 2021 sheria ya kuyalazimisha majukwaa makubwa kujadiliana malipo na vyombo vya habari, na Facebook ikajibu kwa kuzuia habari zote nchini humo kwa siku kadhaa za Februari, hadi serikali ilipolegeza masharti. Kanada ilifuata mwaka 2023. Meta, kampuni mama ya Facebook, ilizuia habari kwa watumiaji wa Kanada kuanzia Agosti, wakati Google ilikubali kulipa dola milioni 100 za nchi hiyo kwa mwaka. Berners-Lee mwenyewe aliliandikia Bunge la Seneti la Australia kuonya kwamba kutoza malipo kwa kiungo kunaweza kuifanya wavuti ishindwe kufanya kazi. Hapo ndoto ya Nelson, ya mwandishi anayelipwa kila anaporejelewa, ilirudi katika umbo ambalo hakulitarajia, ikidaiwa na wamiliki wa magazeti na kupingwa na mtu aliyemshinda kwa kuiacha nje. Onyo la Berners-Lee lilikuwa na mantiki, ila lilichelewa kidogo: kiungo alichokuwa akikitetea kilikuwa kimeshabanwa na majukwaa yenyewe bila sheria ya nchi yoyote.

Katika Afrika Mashariki hatua hizi hazikufuatana kwa mpangilio ule. Hadi katikati ya mwaka 2009 Kenya na Tanzania hazikuwa na mkongo wa baharini wa kuziunganisha na dunia. Data ilipita kwenye setilaiti, kwa bei ya juu na kwa kuchelewa kunakotokana na umbali wa kwenda angani na kurudi. Mkongo wa SEACOM ulianza kazi Julai 2009, ukafuatwa na TEAMS, unaotoka Mombasa hadi Fujairah katika Falme za Kiarabu, kisha EASSy mwaka 2010. Kurasa za Kiswahili zilikuwapo kabla ya hapo, chache, na baadhi ya zilizojulikana sana ziliendeshwa kutoka ughaibuni: mradi wa kamusi ya Kiswahili mtandaoni ulianzia Chuo Kikuu cha Yale mwaka 1994, na Ndesanjo Macha aliandika blogu yake ya Jikomboe akiwa Marekani. Mwaka 2003 ikaanza Wikipedia ya Kiswahili, na mwaka 2005 mpiga picha Issa Michuzi akafungua blogu ambayo Watanzania wa nje waliitegemea kuona harusi, misiba na shughuli za serikali. Nchini Kenya, kundi la wanablogu na wataalamu wa kompyuta, akiwemo Ory Okolloh, lilijenga Ushahidi katika siku chache za Januari 2008 ili kuonyesha kwenye ramani matukio ya ghasia za baada ya uchaguzi. Kipindi hicho cha blogu kilikuwa kifupi mno. Mkongo ulipofika na bei kushuka, watu wengi waliingia mtandaoni kwa mara ya kwanza kupitia simu, wakati ambapo Ulaya na Marekani zilikuwa zimeanza kuondoka kwenye kurasa na kuhamia kwenye mikondo.

Matokeo yake ni kwamba kwa mamilioni ya wazungumzaji wa Kiswahili wavuti ilipitwa kabla haijazoeleka, na bei ya bando ilichangia hali hiyo kuliko inavyosemwa. Kampuni za simu zimekuwa zikiuza vifurushi vya mitandao ya kijamii kwa bei ya chini kuliko data ya kawaida, na mwaka 2014 Facebook ilianzisha nchini Tanzania na Kenya, kwa kushirikiana na kampuni za simu, huduma ya kutumia tovuti chache zilizoteuliwa bila malipo, huduma ya aina ambayo mamlaka ya mawasiliano ya India iliipiga marufuku Februari 2016 kwa hoja kwamba si haki data ya tovuti moja itozwe bei tofauti na ya nyingine. Mwenye kifurushi cha WhatsApp peke yake akitumiwa kiungo cha gazeti, akikibofya hukuta ukurasa haufunguki, kwa sababu hana data ya kutokea nje. Aliyetuma analijua hilo. Kwa hiyo hainakili anwani, ananakili habari yenyewe, aya zote, na kuibandika kwenye grupu, mara nyingi bila jina la mwandishi wala la gazeti, na kutoka hapo inasafiri hadi magrupu ya ukoo, ya kanisa au msikiti, ya waliosoma pamoja, hadi Muscat na Minneapolis. Baada ya mikono michache hakuna awezaye kusema ilitoka wapi. WhatsApp ilipoweka mwaka 2019 kikomo cha kusambaza ujumbe kwa watu au magrupu matano kwa mara moja, na alama ya mishale miwili kwa ujumbe uliopita mikono mingi, ilikuwa inajaribu kurudisha kwa njia ya kificho sehemu ya kazi ambayo kiungo kiliifanya bila kuombwa, yaani kumwonyesha msomaji kwamba maneno haya yana kwao.

Hakuna haja ya kuyadharau maisha hayo ya mtandaoni. Utani wa Wakenya wa Twitter, waliojiita KOT, ulikuwa na makali ya kutosha kumfanya mkurugenzi wa CNN asafiri hadi Nairobi Agosti 2015 kuomba radhi kwa habari iliyoieleza Kenya kama kitovu cha ugaidi, na maandamano ya Juni 2024 dhidi ya mswada wa fedha yalipangwa na kujadiliwa kwa kiasi kikubwa kwenye X na TikTok. Udaku, mashairi ya sauti, mawaidha, mapishi na vichekesho vya Kiswahili vinavyopita kwenye simu kila siku ni vingi kuliko vyote vilivyopata kuwekwa kwenye kurasa. Kinachokosekana ni anwani. Sheria nazo zimesukuma upande uleule: kanuni za maudhui ya mtandaoni za Tanzania za mwaka 2018 ziliwataka wenye blogu kujisajili na kulipa ada zilizofikia jumla ya zaidi ya shilingi milioni 2, na baadhi yao wakafunga, kwa kuwa mwenye ukurasa wenye jina na anwani ndiye anayeonekana na kutozwa, ilhali msimamizi wa grupu hatozwi. Uganda mwaka huohuo ilijaribu kinyume chake, ikatoza shilingi 200 za nchi hiyo kwa siku kwa kila anayetumia mitandao ya kijamii, na watumiaji wengi wakakimbilia programu za VPN, zinazoficha mtumiaji anaelekea wapi. Mwaka 2021 kodi hiyo ilibadilishwa kuwa ushuru wa asilimia 12 kwenye vifurushi vya intaneti.

Ukosefu wa anwani unagusa moja kwa moja suala la kumbukumbu. Kurasa zenyewe hazidumu: utafiti wa Kituo cha Pew cha Marekani, uliotolewa mwaka 2024, ulionyesha kuwa asilimia 38 ya kurasa zilizokuwapo mwaka 2013 hazikupatikana tena miaka kumi baadaye, na wasomi wa sheria wa Harvard walikuwa wamekwisha kubaini kwamba karibu nusu ya viungo vilivyotajwa katika hukumu za Mahakama ya Juu ya nchi hiyo havifikishi tena kwenye maelezo yaliyokusudiwa. Yahoo iliifunga GeoCities Oktoba 2009. MySpace ilitangaza mwaka 2019 kuwa imepoteza, katika kuhamisha seva, nyimbo za zaidi ya miaka kumi. Hata hivyo kurasa za GeoCities ziliokolewa kwa kiasi kikubwa, na watu wa kujitolea pamoja na Internet Archive, hifadhi iliyoanzishwa San Francisco na Brewster Kahle mwaka 1996. Ziliokolewa kwa sababu zilikuwa na anwani na ziliunganishwa: mtambo wa kuhifadhi husafiri kama msomaji, ukibofya kiungo baada ya kiungo na kunakili kila unachokikuta. Mtambo huo hauwezi kuingia kwenye grupu la WhatsApp, ambalo tangu 2016 limefungwa kwa usimbaji, yaani ujumbe hugeuzwa fumbo ambalo ni simu ya mtumaji na ya mpokeaji tu ziwezazo kulifumbua. Usimbaji huo ni kinga halali ya faragha, na hakuna mwenye busara atakayetaka uondolewe kwa ajili ya wanahistoria. Lakini mtafiti wa mwaka 2060 atakayetaka kujua Watanzania walizungumza nini wakati wa janga la corona atapata taarifa za wizara, habari za magazeti, na video zilizobahatika kubaki.

Suala hili limepata uharaka mpya tangu Novemba 2022, ChatGPT ilipotolewa kwa umma. Mifumo ya aina hiyo hufunzwa kwa maandishi mengi mno, ambayo sehemu yake kubwa hutoka kwenye kurasa zilizokusanywa na mitambo inayofuata viungo, ikiwemo ya Common Crawl, asasi iliyoanzishwa mwaka 2007 ili kuinakili wavuti na kuigawa bure. Kiswahili katika mkusanyiko huo ni sehemu ndogo mno, na kile kilichomo ni cha aina chache: habari za magazeti na idhaa za kimataifa kama BBC na DW, makala za Wikipedia, nyaraka za serikali, maandishi ya dini. Watafiti wa Kiafrika wa mtandao wa Masakhane walipoanza kujenga mifumo ya tafsiri walitegemea sana JW300, mkusanyiko wa machapisho ya Mashahidi wa Yehova katika lugha zaidi ya 300, mpaka ulipoondolewa kwa sababu ya hakimiliki. Kiswahili cha magrupu, chenye utani, mafumbo na lafudhi za Mombasa, Bukavu na Unguja, hakimo. Na jibu linalotolewa na mifumo hii humfikia msomaji likiwa limekamilika, viungo vikiwa vichache au visiwepo, kiasi kwamba mwenye ukurasa hapati hata mgeni aliyepotea njia.

Wachapishaji wakubwa wa Kiingereza wamejibu kwa kesi mahakamani, kwa mikataba ya malipo, na kwa kuizuia mitambo ya ukusanyaji kupitia robots.txt, faili dogo la maagizo lililobuniwa mwaka 1994 ambalo utii wake ni wa hiari. Wana kurasa nyingi na wanasheria wa kutosha, na anayetaka Kiingereza chao hana budi kukaa nao mezani. Gazeti la Kiswahili halina nguvu hiyo. Likifunga mlango, mifumo itajifunza lugha kutokana na maandishi yaliyotafsiriwa kwa mashine, ambayo tayari yanaongezeka mtandaoni, na itawarudishia wasomaji Kiswahili hichohicho; likiuacha wazi, maandishi yake yatachukuliwa bila malipo na wasomaji wake watapewa majibu bila kulifikia. Ipo njia ya tatu, ya magazeti, vyuo vikuu na mabaraza ya Kiswahili ya ukanda huu kukusanya maandishi yao pamoja na kujadiliana kama upande mmoja, lakini inahitaji kwanza maandishi hayo yawe na mahali pa kudumu na anwani zisizobadilika kila tovuti inapofumuliwa na kusukwa upya.